Kabichi Nyuma ya Jiwe

Kila asubuhi Kahambu aliwahi shambani. Shamba lenyewe lilikuwa kipande kidogo kati ya mawe meusi ya volkano, huko Lac Vert, karibu na kambi ya waliokimbia vita. Vita vilikuwa vimemkimbiza mara mbili yeye na watoto wake. Safari hii alitaka wazile kabichi zao, au shu kama walivyoziita, kabla mizinga haijasogea tena.

Kwa hiyo alikuwa na haraka. Leo alipiga dawa ya wadudu, kesho kutwa akapiga tena, akiamini dawa itazikuza upesi. Wadudu walikwisha, lakini kabichi nazo ziligoma. Majani yalijikunja, kingo zikaungua, vichwa havikufunga.

Isipokuwa moja. Hiyo ilijificha nyuma ya jiwe kubwa, mahali dawa haikufika. Ilikuwa na matundu machache ya viwavi, basi, lakini ilinawiri kwa raha zake. Kahambu aliikodolea macho. Mbona iliyosahauliwa ndiyo iliyoshiba?

Swali halikumpa raha. Alichuma jani la kabichi iliyoungua na la ile ya nyuma ya jiwe, akampelekea jirani yake Florent, aliyefundisha kilimo kule Masisi kabla ya kukimbia. Florent aliyageuza majani, akamuuliza anapiga dawa mara ngapi.

"Kila mara, Papa Florent. Minaogopa vita ifike mbele ya shu kufunga."

"Mama, ile dawa haiko chakula. Jani iko na matundu kidogo sana, macho haiione. Ni mule inapumulia. Dawa mingi inaiunguza, haiwezi tena kutengeneza chakula na jua. Nguvu yote inaishia kupigana na sumu."

"Na watoto wakikula?"

"Sumu inaweza kubakia mu majani. Inawaingia na wao."

Kahambu aliingiwa na hofu. Florent akamweleza taratibu: achungulie chini ya majani kila asubuhi, atoe viwavi kwa mkono. Wakizidi, apige dawa kwa kipimo cha kwenye chupa, amejifunika pua na mdomo, na asivune kabla siku zilizoandikwa hazijapita.

Kabichi zilizoungua sana aling'oa. Nyingine zilitoa majani mapya, laini, na vichwa vikafunga.

Kisha vita vilisogea. Watu waliokimbia mji wa Sake walipita na magodoro kichwani. Kahambu alipika sufuria nzima ya kabichi, akawapakulia watoto, akamkaribisha na Héritière, mama aliyefika kambini siku hiyo. Héritière alionja, akauliza shu tamu hivi zilipigwa dawa gani.

"Nilikuwa ninaziangalia tu," Kahambu alisema, akamwongezea sahani.