Mwizi Aliyeogopa Vumbi

Jumamosi asubuhi Koplo Agness alirudi kwenye studio ya picha ya Adelfina, pale Rulenge, moyo mzito. Mtuhumiwa alikuwa ameshalala mahabusu: Bigirimana, mtu mzima na heshima zake, anayemshikia Adelfina taa za kupigia picha. Kosa lake? Alikuwa na ufunguo wa studio, na alibaki huku kambi za wakimbizi wa Burundi za Lukole zilipofungwa. Basi, yamekwisha! Agness mwenyewe ndiye aliyemtia pingu, na tangu hapo hata chai haikumshuka.

"Kilichoibiwa ni nini hasa?"

"Lenzi ya hamsini, afande, ile ya sura za watu. Ndiyo inayonilisha. Kesho nina harusi Biharamulo. Nikiikosa, wateja wa kule ndiyo basi tena." Adelfina alimwonyesha kamera iliyokuwa mezani.

Wiston, mumewe, alidakia kutoka mlangoni. "Mtu wenu si mnaye? Mbaneni aseme!"

Agness alimgeukia Adelfina. "Kamera uliikutaje?"

"Hivyo hivyo unavyoiona. Mdomo chini, juu ya kitambaa."

Agness aliiinua. Pale lenzi ilipochomolewa palikuwa pamezibwa kwa kifuniko cheusi. Dirishani vumbi jekundu la barabarani lilikuwa likiingia bila hodi.

"Umeifunika wewe?"

"Hapana. Mimi niliiacha na lenzi yake."

Ajabu! Mwizi gani huyu, anakuibia lenzi halafu anahangaika kamera yako isiingie vumbi?

"Bigirimana huwa anabadili lenzi?"

"Thubutu! Yeye ni taa tu. Kamera anaiogopa, hata kuipangusa hataki."

"Nani mwingine uliyemfundisha kuifunika hivi?"

Adelfina alikitazama kile kifuniko. Kisha akageuka kumtazama mumewe.

"Wiston? Nilikufundisha tukiwa wachumba."

Wiston alijaribu kucheka, kicheko kikamkauka.

"Iko wapi?" Agness aliuliza.

"Kwenye gunia la maharage." Alikuwa ameinamisha kichwa. "Nilitaka akose harusi moja tu. Kila wiki Biharamulo, Biharamulo! Kilabuni wananicheka, eti mke wangu ndiye mwanamume wa nyumba. Lakini kamera yake sikutaka kuiharibu."

"Kamera umeihurumia. Na Bigirimana je?"

"Nilijua mtamwachia."

"Kwa lipi, Wiston? Wewe ndiye uliyemtaja, mkeo akanyamaza, na mimi nikaamini!" Agness alikuwa na hasira, na nusu ya hasira hiyo alikuwa akijikasirikia mwenyewe.

Mchana Wiston aliingia mahabusu, Bigirimana akatoka, shati limemkunjamana. Adelfina alikuwa akimsubiri nje ya kituo, macho yamevimba.

"Kaka, nisamehe. Ningesema neno moja tu usingelala humu." Akamnyooshea begi la kamera, kama alivyozoea kumpa kila safari.

Bigirimana alilitazama, akarudisha mikono nyuma.

"Taa nitakushikia, dada. Begi beba mwenyewe. Kikipotea kitu njiani, mtaanza na mimi."