Jina la Yeseri Kwenye Barua

"Andika kwamba niliacha kazi," Yeseri alisema. "Mstari mmoja tu, Kabugho. Nani atatoka Kampala kuja kuhakikisha?"

Kabugho alikuwa mhasibu wa shule hiyo ya sekondari mjini Kasese, na barua iliyokuwa mezani pake ilitoka ofisi ya mikopo ya wanafunzi. Ilitaka mshahara wa mwalimu Yeseri ukatwe kila mwezi, kwa sababu tangu amalize diploma hakuwahi kurejesha hata shilingi. Na Yeseri huyo huyo ndiye aliyekuwa aende kijijini Kyondo mwezi wa Desemba, kujitambulisha kwa wazazi wa Kabugho.

"Miaka miwili tuko pamoja. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba unaolewa na deni?"

"Ungesema hivyo hivyo. Ningekuelewa."

"Basi nielewe sasa. Wakianza kunikata, utambulisho umekufa."

Kabugho akafunua ukurasa wa pili. Palikuwa na jina la mdhamini: Rusi, mpishi wa shule ya msingi, Bwera.

"Huyu si mama yako?"

Yeseri akatazama dirishani.

"Nikiandika umeacha kazi, watamkata yeye. Ulijua?"

"Mshahara wake ni mdogo. Watachoka wenyewe."

Aliyasema taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyafikiria zamani. Kabugho akaivuta kompyuta, akaandika ukweli: yuko kazini, anafundisha bayolojia.

"Umenikata kwa mkono wako mwenyewe."

"Nimekukata wewe wasimkate mama."

Yeseri hakurudi darasani. Wiki hiyo hiyo alivuka mpaka wa Mpondwe, akaingia Congo, mwaka ule wa 2019 ambao watu wengine walikuwa wakiukimbia ugonjwa wa Ebola kuja huku. Kabugho akapata ujumbe mmoja tu: "Usinitafute." Alipopiga, simu ilikuwa imezimwa. Mwezi ulipoisha hapakuwa na mshahara wa kukata, makato yakamwangukia Rusi.

Jumapili moja Kabugho alikwenda Bwera kuomba radhi. Alimkuta Rusi uani akichambua sombe, majani ya muhogo ya mboga.

"Ni wewe uliandika ile barua?"

"Ni mimi, mama. Nilitaka kukulinda."

"Ulisema kweli, sikukasirikii. Lakini ungeniuliza kwanza, mutoto wangu. Ningesema wanikate mimi, yeye abaki. Sasa wananikata, na yeye iko kule kwenye Ebola."

Kabugho akalia. Rusi alimwacha alie mpaka akatulia, kisha akampa simu yake.

"Jana iliingia ujumbe. Macho yangu haioni herufi ndogo. Nisomee."

Kabugho alisoma kwa sauti.

"Mama, niko Butembo, nafundisha. Kabugho akija, usimwambie nilipo. Nikisikia sauti yake nitarudi, na naona haya kurudi."

Rusi akasema, "Mupigie."

"Amekataa, mama."

"Alikataa mimi nikuambie. Umesoma mwenyewe. Mupigie."

Simu iliita mara tatu.

"Mama?"

"Ni mimi, Yeseri."

Alisikika akipumua.

"Wanamkata?" aliuliza.

"Wanamkata."

"Siwezi kurudi, Kabugho. Nitawaangaliaje usoni?"

"Sikukupigia urudi. Mama amezeeka. Msaidie kutoka huko huko uliko."

"Nitamsaidia," alisema, na sauti yake ikapotea.

Ahadi hiyo aliitimiza. Kila mwezi alimpa pesa Kakule, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuja kuuza vitenge sokoni Mpondwe, na kwa kuwa Rusi hakuruhusiwa kutoka jikoni shuleni saa za kazi, Kabugho ndiye aliyekwenda kuzipokea. Desemba ikaja ikapita. Kyondo hakwenda mgeni.

"Anaendeleaje?" Kabugho alimuuliza Kakule siku moja ya mwezi wa pili.

"Iko muzima. Anakuulizaka."

"Anauliza nini?"

"Kama ulishaolewa."

Kabugho alitia bahasha mkobani, akafunga zipu.

"Mwambie bado," alisema, akashika njia ya kwenda kwa Rusi.