Nani Alikuomba Ubaki?

Stesheni ya Kokura, hapa kwetu Japani, Jumatatu asubuhi si mahali pa kubembelezana. Watu wanakula udon, tambi nene za mchuzi, wamesimama kwenye kibanda cha jukwaani, begi katikati ya miguu, jicho kwenye saa ya treni. Hapo ndipo Shungo Hirabaru, mhandisi wa roboti, alipogeuka na bakuli lake bila kutazama, mchuzi wa kuku wote ukaishia kwenye sketi ya kijivu ya msichana aliyekuwa nyuma yake.

"We kaka! Macho umeyaacha nyumbani?"

"Samahani, dada. Samahani sana."

"Samahani yako inafua? Nina wageni wananisubiri, matajiri watupu, nikasimame mbele yao nanuka kuku!"

Sisi watu wa Kokura midomo yetu haina breki, na Madoka Irie alizaliwa hapa hapa. Alimsema mpaka mama muuza udon akazima redio asikilize vizuri. Shungo alivua koti lake la kazi, la bluu, lenye jina la kiwanda cha Mizokami mgongoni, akampa ajifunge kiunoni. Madoka alilisoma lile jina, uso ukazidi kukunjika.

"Unafanya kazi Mizokami?"

"Mimi ndiye ninayeonyesha wageni roboti."

"Salaale! Wageni wenyewe ndio hawa wangu. Basi huko usimwage kitu."

Madoka alikuwa mkalimani. Wenye makampuni kutoka Indonesia huja kwetu kutazama viwanda na maabara, naye huwatangulia na kibendera chake cha manjano, akigeuza maneno ya wahandisi yawe Kiindonesia. Siku ile aligeuza ya Shungo, kajifunga koti la Shungo, na kila walipotazamana walikuwa wanabana kicheko. Jioni Shungo akapiga simu, eti anaulizia koti.

"Umekula?" Madoka alimuuliza.

"Nimekula mkate."

"Mkate si chakula, we mwanamume. Njoo."

Akaja. Akawa anakuja kila Jumamosi, anakata vitunguu, anapigwa kijiko mkononi kwa kukata vinene. Sharti lilikuwa moja tu.

"Wakala anayenipa kazi akijua natembea na mtu wa kiwanda cha mteja, kazi sina," Madoka alimwambia. "Ukilitaja jina langu kule, tumeachana. Apa."

"Naapa, malkia wangu."

"Malkia hafui soksi zako. Apa vizuri."

Shungo akaapa vizuri. Mwaka ukapita hivyo, mtamu kweli, na Madoka akaanza kuona maisha yake yote yakiwa na yule mtu ndani yake.

Ukaja mwezi wa tatu, mwezi ambao makampuni yetu huhamisha watu kama mtu anavyohamisha viti sebuleni. Madoka alileta msafara mwingine Mizokami. Alivaa suti nyeusi, lulu ndogo masikioni. Mbele yao mkono wa roboti, kazi ya Shungo ya miaka, ulikuwa unaokota mayai mabichi na kuyapanga trei bila kuyatia ufa. Wageni walikuwa wanarekodi kwa simu. Mkurugenzi Kabashima, tumbo mbele, akamshika Shungo bega.

"Kijana huyu ndiye aliyeutengeneza," alijigamba. "Mwezi ujao tunampeleka Meksiko, miaka mitano, akatufungulie kiwanda."

Madoka alitafsiri nusu ya kwanza. Kisha akamtazama Shungo. Wageni wakamgeukia, naye akaitafsiri na nusu ya pili, Meksiko na miaka mitano yake, neno kwa neno.

Bibi Ratnasari, mgeni mwenye kiwanda cha biskuti kule Surabaya, akauliza kwa wema kabisa: "Na mke wako je, utakwenda naye?"

Madoka aligeuza swali kwa Kijapani huku akimtazama Shungo usoni. Shungo alimtazama mkurugenzi, akatazama sakafu.

"Sina mtu. Niko peke yangu."

Mkalimani hasemi "anasema." Husema "mimi," kama vile maneno ni yake. Kwa hiyo Madoka alisimama pale, mbele ya watu wote, akatamka kwa Kiindonesia kilichonyooka: "Sina mtu. Niko peke yangu." Hasira iliyompanda saa ile ilikuwa ya kuua nyoka.

Simu ya Shungo ilimkuta Madoka kwenye basi la wageni. Aliikata, ikalia. Aliikata tena, ikalia tena. Wageni walikuwa wanasinzia, akainama nyuma ya kiti akapokea.

"Umejua lini?"

"Madoka, mpenzi, nisikilize..."

"Nimeuliza lini!"

"Ijumaa. Agizo ni siri mpaka litangazwe, unajua mwenyewe walivyo. Yule mzee kajiropokea tu."

"Ijumaa! Jumamosi ukaja, ukala samaki wangu, ukaomba uongezewe wali, ukaenda zako!"

"Nilikuwa natafuta namna ya..."

"Na kusema uko peke yako, hiyo nayo siri ya kampuni?"

"Hiyo ni siri yako!" Shungo naye akapandisha. "Wewe ndiye uliyeniapisha! Ningejibu nini mbele ya Kabashima? Kwamba mtu wangu ndiye huyu anayetafsiri?"

Ilikuwa kweli, na hakuna kinachouma kama mtu kukupiga na ukweli wakati wewe ndiye mwenye haki ya kukasirika. Madoka akakata simu, akaizima, akalia kimya kimya huku wenye makampuni wakikoroma.

Siku iliyofuata wageni walikuwa wanaondoka. Ukumbi wa hoteli ulijaa masanduku, maboksi ya zawadi, watu wakipigana picha. Madoka alikuwa anahesabu mizigo na kibendera mkononi, macho yamevimba, Shungo akaingia mbio, tai imekwenda upande.

"Nimekataa," alisema akihema. "Nimemwambia Kabashima siendi Meksiko. Nabaki na wewe."

Alitegemea kukumbatiwa, maskini. Madoka alimchapa kibendera kifuani.

"Nani alikuomba ubaki?"

"Si ulikasirika kwa sababu naondoka?"

"Nilikasirika kwa sababu hukuniuliza! Kwenda umeamua peke yako, kubaki umeamua peke yako. Mimi ni nani, sanduku? Ukikataa uhamisho watakutupa ghalani uhesabu misumari, halafu kila ukiniangalia utaniona mimi ndiye niliyekunyima Meksiko. Umempa Kabashima sababu gani?"

"Kwamba nina mtu."

"Umelitaja jina langu?"

"Aliniuliza ni nani. Nimechoka kusema niko peke yangu, Madoka. Jana mdomo uliniwasha usiku kucha."

"Na kazi yangu je?"

Kabla hajajibu, mlangoni akaingia Kabashima mwenyewe, mwekundu kama pilipili. "Hirabaru! Na wewe, mkalimani! Wakala wako nimeshampigia..."

"Wewe mzee subiri!" Madoka alimwelekezea kidole. "Zamu yako haijafika."

Wageni wakaacha kupiga picha. Bibi Ratnasari, ambaye Kijapani hakujua hata neno, akaketi juu ya sanduku lake atazame vizuri.

Shungo akashusha pumzi. "Haya. Nakuuliza sasa, mbele ya watu. Unataka nini?"

Mwaka mzima walikuwa wameongea, na swali hilo Madoka hakuwahi kuulizwa. Akakibana kibendera kwapani.

"Nataka uende. Ule mkono ni wako, ukaufungulie kiwanda. Lakini siachi kazi nikakupikie wali Meksiko. Kazi hii mmenipotezea, nitapata nyingine. Nitakuja nikitaka. Na kabla hujapanda ndege unioe, ili nikikugombeza kwenye simu niwe nagombeza cha kwangu."



"Sawa," alisema Shungo. "Sawa kwa yote."

"Usinikubalie kama unavyomkubalia bosi wako! Bishana nami!"

Shungo alifikiri. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu amjue, akamkunjia uso na yeye.

"Basi sikubali 'nikitaka.' Utakuja kabla ya mwaka kuisha. Mimi siwezi miaka mitano ya simu, nitakufa."

"Hufi."

"Nakufa, nakwambia!"

"Tutaona," alisema Madoka. Akamnyoosha tai kwa kuivuta kwa nguvu, akamshika mkono, bado amekasirika, wakamgeukia Kabashima pamoja.

"Haya, mzee," alisema. "Sasa sema na sisi."