Gauni la Bibi Bernadina

Katika Ngokolo nzima, hapa Shinyanga, hakuna mwanamke msema kweli kunishinda. Tangu Pasaka sijasema uongo hata mmoja, ukiacha ule wa umri wangu nilipoulizwa zahanati, na ule wa kuku wa jirani, na hilo la Pasaka nalo sina hakika nalo. Kwa hiyo haya ya Noela na Abel yapokeeni yalivyo. Chumvi nimetia kiasi cha mboga tu.

Walikutana Geita, kwenye vyuma chakavu karibu na stendi, mahali ambapo bodaboda wanapiga honi kama wanalipwa kwa kila mlio. Noela ni mpambaji wa harusi, na siku hiyo alikuwa anasaka vitu vya kale. Alivaa sketi ya jinzi, kilemba cha njano, na raba nyeupe zilizokwisha kubadili dini kwa udongo mwekundu. Juu ya lundo la marejeta akaona tarumbeta la gramafoni, limebonyea ubavu mmoja. Akalishika. Upande wa pili ukaja mkono mweusi kwa grisi, nao ukalishika.

"Kaka, samahani. Nimelitangulia."

"Dada, mkono wako umetangulia. Jicho langu lilifika hapa saa mbili asubuhi, nikaenda kunywa chai tu."

"Unalitakia nini?"

"Faneli. Ya kumiminia dizeli kwenye injini ya karasha."

Noela nusura alie. "Dizeli! Kaka, hiki kitu kiliimba! Watu wamechezea muziki hapa, wameposana hapa!"

"Huko kwetu Rwamgasa karasha ndilo muziki," alisema yule kijana. "Linasaga mawe ya dhahabu kutwa nzima na tunatingisha kichwa. Mimi ni Abel, fundi wa kuchomelea. Likikatika chuma, naitwa mimi."

Alikuwa mrefu, ovaroli imetobolewatobolewa na cheche, miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso, na mwanya wa kumponza mtu. Noela aliuona mwanya, akajifanya anaangalia marejeta.

Wakalinunua kwa ubia: wiki moja liwe Shinyanga kwa Noela, wiki moja Rwamgasa kwa Abel. Likawa linasafiri huku na huku kama mtoto wa wazazi walioachana, na kila likipelekwa lazima mtu alipeleke, na kila mtu akilipeleka lazima apewe chai. Chai ikazaa simu, na simu ikazaa wazee wa kupeleka posa.

Ng'ombe wa mahari walijadiliwa mpaka nao wakachoka. Ikapangwa Jumamosi ya katikati ya Julai, na hapo ndipo hofu ilipohamia kwa Noela na mizigo yake yote.

"Sitaki ukumbi," alimwambia Abel. "Nimepamba kumbi mia. Satini ya ukumbini inanuka jasho la bibi harusi wa jana."

"Sasa dhahabu yangu, tuoane wapi? Kwenye shimo?"

"Uwanjani nyuma kwa bibi, mchana kweupe. Kama zile ngoma za kiangazi baada ya mavuno. Wacheza ngoma wa Bagika wakae upande huu, wa Bagalu upande ule, washindane kuvuta watu. Viti vya mbao, chemli, baiskeli za zamani, santuri. Na kila mgeni avae zilipendwa."

"Na mimi nivae nini?"

"Bugaluu. Suruali pana chini."

"Nitafagia uwanja mzima, mpenzi."

Yote hayo Noela aliyatoa kwenye picha moja iliyotundikwa sebuleni kwa bibi yake, Bernadina. Ni ya mwaka 1974. Bibi amevaa gauni refu la lesi, mikono mirefu, vifungo kumi na viwili kifuani. Pembeni babu Mihayo, ndani ya bugaluu, tai pana kama ulimi wa ng'ombe. Nyuma yao gari aina ya Pijo linameta, na nyuma ya Pijo mnazi.

"Bibi, mnazi Shinyanga?"

"Ulikuwepo. Uliliwa na mbuzi."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye mwiba. Mama yake Noela aliolewa ukumbini, kwa keki ya ghorofa saba, na ndoa ikafa kabla Noela hajaota meno. Mama akaenda zake Mwanza, mtoto akalelewa na bibi. Bibi naye alikaa na babu Mihayo miaka arobaini na nane, na mzee yule alikata roho akimwuliza mkewe kama amekula. "Gauni ndilo lililotushika," bibi alikuwa akisema. "Siku ile kanisani mchungaji alilia machozi." Noela alilishika neno hilo kama amri ya kumi na moja. Moyoni mwake kulikuwa na ndoa za aina mbili: za keki, zinazovunjika, na ya gauni lile.

"Bila gauni la bibi, Abel, mimi uwanjani siingii," alisema. Wala hakuwa anatania.

"Liko wapi, bibi?" Abel aliuliza.

Bibi Bernadina alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama. "Nilimwazima shoga yangu Zipora. Akaolewa Rwamgasa nalo. Na Zipora amekwisha kufa zamani, Mungu amrehemu."

"Rwamgasa? Si ndiko ninakofanyia kazi! Nitawauliza wajukuu zake."

"Usijisumbue, mume wangu," bibi alisema haraka. Wajukuu na wachumba wao ndivyo anavyowaita. "Marehemu hasumbuliwi kwa ajili ya nguo."

Abel akaenda kuuliza hivyo hivyo. Siku tatu baadaye simu ya Noela ikalia.

"Kipenzi, nimeulizia. Huyo Zipora... hapatikani."

"Hapatikani vipi, kafa au hapatikani?"

"Yote mawili."

"Abel, nini kinalia hapo nyuma?"

"Karasha."

"Karasha linalia tiki-tiki-tiki kama cherehani?"

"Limeharibika, mpenzi. Ndiyo nalitengeneza."

Zilibaki siku kumi na moja. Noela alihesabu asubuhi, akahesabu tena akipiga mswaki, kama vile zingeongezeka. Aliogopa upepo wa Julai, ule unaoinua vumbi likasimama wima kama mtu. Aliogopa ngoma zitavuta watu katikati ya kiapo, abaki na mchungaji na mbwa. Kila akifumba macho aliona keki ya ghorofa saba inainama.

Siku ya nane kabla ya harusi akapanda gari la asubuhi kwenda Rwamgasa mwenyewe, tarumbeta mapajani, maana ilikuwa wiki ya Abel. Kwenye makarasha vumbi jeupe lilikuwa limewapaka watu kope. Akamwuliza mmoja: "Fundi Abel yuko wapi?"

"Abel? Yuko kwa Bibi Zipora hapo nyuma. Anapima gauni."

"Bibi Zipora si amekufa?"

"Basi dada, chai tuliyokunywa leo imetoka kaburini."

Noela alizunguka nyuma ya nyumba, moyo unapiga kushinda karasha. Akasimama.

Uani, juu ya kiti, alisimama msichana mwenye shingo ndefu na ngozi kama asali. Amevaa gauni la lesi. Mikono mirefu, vifungo kumi na viwili. Na chini yake, amepiga magoti kama mtu anayeposa, alikuwa Abel, ameshika pindo kwa mikono miwili, pini zimemjaa mdomoni.

"Mmmh! Mmm-mmh!" alisema Abel. Pini hazikumruhusu zaidi.

Noela hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alilitua tarumbeta chini taratibu.

"Wiki yako," alisema, akageuka akaondoka.

Nyumbani alizima simu. Akachukua daftari la harusi, akaanza kukata: viti, chemli, Bagika, Bagalu. Bibi alimzunguka kama kuku mwenye haja ya kutaga.

"Ulimwona huyo... mwenye nyumba? Zipora mwenyewe?"

"Sikuingia ndani."

Bibi akashusha pumzi ndefu. Noela aliisikia, lakini alikuwa na yake ya kulia.

Siku ya tatu baada ya hapo, saa nne asubuhi, pikapu ilisimama mbele ya nyumba. Abel alishuka na ovaroli yake, gauni mkononi limefungwa kwenye shuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," bibi alijibu, macho kwa kuku.

"Noela, nisikilize. Yule ni Mariana, mjukuu wa Bibi Zipora. Fundi cherehani. Mna mwili mmoja, nikamwomba avae tupime. Hili gauni nimelishonesha kwa ajili yako. Kutoka kwenye picha."

"Kutoka kwenye picha. Na la bibi liko wapi?"

Abel alilihamishia gauni mkono wa pili.

"Na Zipora mzima wa afya, anapika chai. Kwa nini ulisema hapatikani?"

Abel alimtazama bibi. Bibi alikuwa anawahesabu kuku, wako wanne, alifika tisa.

"Nilidanganya tu," alisema Abel.

"Kwa sababu gani?"

"Hakuna sababu, Noela. Nilidanganya tu. Nisamehe."

Machozi yalimshuka Noela, lakini sauti ilikuwa kavu. "Mtu anayedanganya kwa sababu, nitaigombania sababu. Anayedanganya bure nitamfanyaje? Nitalala naye vipi miaka arobaini na nane? Nenda, Abel. Ng'ombe wenu mtarudishiwa."

Abel aliinamisha kichwa. Akaliweka gauni juu ya kigoda, akaanza kurudi kwenye gari.

Mlango wa pikapu ukafunguka. Kikatoka kifimbo, kikafuata kiatu, kikafuata kikongwe aliyejitanda kanga, kwapani ana kitu cha mraba kimefungwa kwenye kanga nyingine.

"Mwadila, Bernadina!" alisalimia Kisukuma.

"Huyu nani?" bibi aliuliza hewa.

"Zipora. Nasikia kuna msiba wangu hapa, nimekuja kuhani."

"Bibi, nilikuomba ubaki garini!" alisema Abel.

"Nibaki garini nisikilize unavyofukuzwa kwa kosa la mtu mwingine? Hebu nishikieni kifimbo hiki."

Akaifungua ile kanga ya kwapani. Ilikuwa picha ya kwenye fremu. Noela aliingia ndani mbio, akabandua ile ya ukutani.

"Usiibandue!" bibi alipiga ukelele. "Ukuta utaanguka!"

Ukuta ulibaki umesimama. Noela akaziweka picha mbili sambamba juu ya kigoda. Gauni lile lile. Pijo lile lile. Mnazi ule ule. Na katikati ya kioo cha Pijo, kwenye picha zote mbili, mkunjo ule ule, maana lile Pijo lilikuwa limechorwa kwenye pazia.

"Gauni la mpiga picha," alisema Zipora. "Siku ile tulikuwa watano kwenye foleni. Na lilikuwa la mbele tu, mwanangu, ng'wanawane. Nyuma walilichana kuanzia shingo mpaka chini limtoshe kila mtu, wakabana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Mimi vilinifyatuka."

"Mimi nilikuwa naumwa mgongo," alisema Bibi Bernadina. "Ndiyo maana wakaliacha wazi."

Noela aliigeuza picha. Nyuma palikuwa na mwandiko wa babu Mihayo, wino umefifia: *Mimi na Bernadina. Leo nimemaliza kulipa faini ya kumtorosha ngomani. Siku nzuri sana.*

Alisoma mara mbili. "Kanisani, bibi? Mchungaji aliyelia machozi?"

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Bibi alichutama, akakaa kabisa chini, miguu ameinyoosha.

"Nilitoroka na mpiga ngoma nikiwa na kanga moja," alisema. "Mama yako alipoondoka ulikuwa unalia kila jioni. Siku moja nikakubeba uitazame ile picha, ukanyamaza. Kesho yake nikaongeza kanisa, ukacheka. Keshokutwa nikaongeza mchungaji. Sasa ningemwondoaje?"

Noela akairudisha picha kigodani, akamgeukia Abel.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza nilipokwenda kuuliza. Niliona Pijo ukutani kwa Bibi Zipora."

"Ukakubali nikufukuze?"

"Ningesemaje? Nimwumbue bibi yako ili nioe mjukuu wake?"

Noela alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. Miaka arobaini na nane, na kilichoishika kilikuwa pazia, kibanio cha nguo na mzee aliyeandika *siku nzuri sana*.

"Tarumbeta liko wapi?"

"Garini. Wiki hii lako."

"Literemshe. Na zile pini safari ijayo shika mkononi."

"Umenisamehe?"

"Nimesema literemshe, Abel. Mengine nitakuambia ukishavaa bugaluu."

Jumamosi ilipofika vumbi lilisimama wima kama lilivyotarajiwa, likapita katikati ya Bagika na Bagalu kama mgeni rasmi, likatoka. Abel alifagia uwanja kwa suruali yake. Noela alipita na lesi yake, vifungo kumi na viwili mbele, na nyuma ya kiuno, kwa amri yake mwenyewe, vibanio viwili vya mti. Kila mgeni aliyeuliza vya nini alielezwa, akacheka mpaka akajishika mbavu.

Mwanamke mmoja mgeni, asiyeijua hadithi ya vibanio, alichelewa. Akaketishwa meza ya mbele, karibu na Bibi Bernadina, palipowekwa tarumbeta, maua na kipaza sauti.

"Mama, gauni zuri hilo!"

"Wabeja, mayu," alishukuru bibi, akiinyoosha kanga yake. "Ndilo nililoolewa nalo mimi. Kanisani. Mchungaji alilia machozi, na Pijo letu lilikuwa nje linatusubiri."

Ngoma za upande huu zikanyamaza, za upande ule zikanyamaza. Kutoka meza ya pili Zipora alinyanyua kibanio cha nguo juu, akakifyatua. Watu mia tatu waligeuza vichwa.

Bibi Bernadina alikitazama kipaza sauti.

"Hiki kitu kimewashwa tangu lini?"

"Tangu kwenye mahubiri, bibi," alijibu Abel.