Mtandao Haukuwa na Kosa

Jumamosi asubuhi Sayi alichota maji, akafagia uwanja, kisha akaingia jikoni. Mama yake, Martha, alikoroga maharage kwa mkono mmoja na kushika kitabu cha Biolojia kwa mkono mwingine. Martha aliacha shule akiwa bado msichana. Sasa alisoma masomo ya jioni mjini Bariadi, na Jumatatu alikuwa na mtihani.

"Kichwa changu kimeota kutu," alisema. "Habari za figo zinaingia huku, zinatokea kule."

"Mwalimu Januarius si aliahidi kukusaidia?"

"Ametimiza ahadi. Amerekodi somo huko Mwanza na kuliweka kwenye mtandao. Nenda kwa Mama Generoza ukanipakulie." Mama alimpa flashi na anwani ya faili. "Nimemwomba Mungu anifungulie akili. Wewe nisaidie upande wa kompyuta."

Mama Generoza alikuwa na steshenari karibu na stendi. Alitoa fotokopi, na ukutani alipanga kompyuta chache za intaneti. Sayi alimwamkia, akaketi karibu na mzee mmoja aliyevaa koti la mvua.

"Mwangaluka, mwanangu," mzee alimsalimu kwa Kisukuma. "Mimi ni Ngassa, mwalimu wa kwaya huko Kasoli. Tulirekodi nyimbo Mwanza, na tangu siku ile hatujawahi kujisikia tukiimba. Leo jioni wanakwaya wote wananisubiri kanisani. Nimekuja kuzipakua kwenye mtandao, lakini tazama mwendo wa kitu hiki. Konokono angekuwa ameshafika Maswa."

Sayi alicheka, akaandika anwani yake. Badala ya somo, yalitokea maandishi yaliyomtaka asubiri. Alimwita Mama Generoza.

"Hawa wanaohifadhi mafaili, wewe na mzee mnatumia huduma yao ya bure, mwanangu," Mama Generoza alieleza. "Anayelipia hupakua haraka. Sisi wa bure tunapewa kidogo kidogo, tena faili moja kwa wakati mmoja. Na kwa kuwa hapa tunatumia laini moja, wao wanatuona sote kama mtu mmoja. La mzee likiisha, lako litaanza."

"Na ukifunga kabla halijaisha?"

"Leo nafunga saa tisa, na Jumapili sifungui. Omba Mungu."

Mama Generoza alirudi kwenye mashine ya fotokopi. Sayi alitazama kompyuta ya mzee. Faili la kwaya lilikuwa limefika nusu tu. Alimfikiria mama yake akiingia kwenye mtihani bila somo lile, akaumia moyoni.

Mzee Ngassa alisimama. "Baiskeli yangu ina pancha. Naipeleka kwa fundi hapo ng'ambo. Niangalizie hapa, mwanangu."

"Sawa, babu."

Mzee alipovuka barabara, Sayi alinyoosha mkono. Alibonyeza mahali pa kusitisha, na faili la kwaya likakatika. Kisha akajaribu tena lake. Lilianza kushuka.

Mzee aliporudi aliinama mbele ya kompyuta. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Mama Generoza, njoo uone. Limepotea."

"Haa, mtandao wetu huo," Mama Generoza alisema kwa huzuni. "Ukikatika katikati, unaanza upya."

"Si mtandao. Ni mimi. Nilipokuwa nainuka huenda niligusa kitu. Wanakwaya walisema atumwe kijana, nikabisha." Mzee alijaribu kutabasamu. "Mkono huu umezoea jembe na pamba. Mambo haya si ya watu kama sisi. Ngoja nirudi nyumbani."

Sayi aliisikia sauti ya mama yake ndani ya maneno yale. Ndivyo mama alivyosema kila alipokosea swali: mimi siwezi, mimi nimechelewa. Mzee hakuwa amekosea chochote, lakini alikuwa akiondoka na kosa la mtu mwingine. Faili la Sayi liliendelea kushuka, na hakuna aliyemshuku.

"Babu, usiondoke," alisema. "Hukugusa kitu. Ni mimi niliyelisitisha ili la mama yangu lianze. Nitasitisha langu, lako lianze upya."

Mama Generoza alishika kiuno. "Na mzee amekuachia ulinzi?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe, babu."

Mzee Ngassa alikaa taratibu. "Kumbe si mimi," alisema, kisha akasema tena, na safari hii akacheka. "Umenichoma, mjukuu wangu. Lakini pia umeniponya."

"Acha, usisitishe," Mama Generoza alimwambia Sayi. Alifungua droo, akatoa modemu ndogo. "Hii ni ya kazi zangu za ofisini, ina laini yake yenyewe. Nikiichomeka kwa mzee, ile huduma itamwona kama mtu mwingine. Ningeendelea kudhani mtandao ni mbovu, nisingeitoa, maana nayo ingekatika vilevile. Nawe, kabla ya kuondoka, utafagia duka zima."

Wote wawili walisubiri. Kwa mwendo uleule wa konokono, mafaili yote mawili yalifika kabla ya saa tisa. Mzee Ngassa alifunga flashi kwenye leso na kupanda baiskeli kuelekea Kasoli.

Nyumbani Sayi alimweleza mama kila kitu. Martha aliweka kitabu chini.

"Najua ulinihurumia," alisema. "Lakini ukificha kosa lako, halipotei. Linatafuta mtu wa kulibeba, na mara nyingi linampata yule asiyejiamini. Mzee yule angerudi Kasoli akiamini hawezi, na asingegusa kompyuta tena. Mungu amekupa ujasiri wa kusema kweli, mwanangu. Siku nyingine uutumie kabla ya kunyoosha mkono."

Kisha alichomeka flashi kwenye redio, akamsogezea Sayi kigoda, na wote wawili wakaanza kumsikiliza mwalimu.