Aliyeitika Bila Kuitwa

Efrazia alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, mawe anawatupia kuku, jirani yake Mwajuma alipoingia uani bila hodi, kanga imelowa ukungu.

"Mama Bertha, acha hayo maharage. Mwanao wanamleta huku wamemshika mabega."

"Kaanguka?"

"Hajaanguka. Sauti imemkauka. Asubuhi kwenye kuitwa majina kaitika mtu ambaye hakuitwa."

"Mtu gani?"

"Wanasema jini. Ingawa jini gani huyo wa kutaka kuchuma chai kwa ujira huu, mimi sijui."

Efrazia alimaliza ungo kwanza. Maharage yenye mawe yanavunja meno, jini awepo asiwepo.

Shamba la chai hapo Bungu serikali ilikuwa imeliuza, na mwenye mali mpya alileta kompyuta. Bertha, aliyesomea kazi hiyo Tanga, ndiye aliyeiandikia programu ya mahudhurio. Kila asubuhi majina yalitokea kwenye kioo moja moja, nyapara akiyasoma dirishani, na wachumaji wakiitika "Nipo" kutoka kwenye ukungu.

Bertha aliketishwa jikoni. Alizungumza kwa kunong'ona.

"Mama, ndani ya ile mashine kuna mfasiri. Mimi naandika kwa lugha yake, yeye anageuza maneno yawe kazi. Kitabu cha lugha kinasema fungu la majina ukilifungua lazima ulifunge, usipolifunga mfasiri akatae kazi yote. Nilisahau kulifunga. Hakukataa."

"Akafanya nini?"

"Akasoma mpaka jina la mwisho, akapita. Kioo kikawa kitupu, nyapara akanyamaza. Huko kwenye ukungu mtu akasema 'Nipo.' Kwa sauti yangu, mama."

"Si ulifunge sasa?"

"Nimelifunga. Bado anaitika. Nilimwonyesha bwana mkubwa kitabu, akasema kitabu ni karatasi, mashine ndiyo inayofanya kazi. Basi huyo anayeitika ameshakubaliwa."

Kuanzia hapo nyumba ilinuka majani mabichi ya chai yaliyosahauliwa guniani yakachacha. Efrazia alifagia, akamwaga maji ya majivu, akafungua madirisha, na harufu ikabaki palepale, na kila alipomwita Bertha aje ateke maji au akoleze moto, mtu aliitika "Nipo" nyuma ya jiko kabla Bertha hajafumbua mdomo, na kila alipoitika mtu huyo, sauti ya Bertha mwenyewe ilipungua, mpaka ikawa pumzi tu, na mikono yake ikawa ya baridi kama majani ya alfajiri hata akikaa mbele ya moto.

Yohane, baba yake Bertha, ambaye mashine ya kusaga majani ilimkata kidole cha shahada cha mkono wa kulia zamani, alipanda mlimani Magamba akamleta Mzee Amiri, mganga. Mzee alifukiza ubani, akanusa pembe zote, kisha akamgeukia Efrazia.

"Mama, mlango wa nyumba hii una kanuni gani?"

"Shikamoo, mzee. Anayebisha ataje jina, ndipo nimkaribishe. Watoto wote nimewafundisha hivyo."

"Marahaba. Hiyo ndiyo mnayosema. Mnayofanya je?"

Efrazia alitazama mikono yake. Kila jioni mikono hiyo ilikuwa kwenye unga, na yeyote aliyepiga hodi alimjibu "Pita" bila kugeuka. Jioni ile ya kabla Bertha hajaletwa alisikia hodi, akasema pita, na hakuingia mtu. Hakulifikiria tena.

"Jini hafuati maneno yenu," mzee alisema. "Anafuata mnavyotenda. Leo, kabla ya kupakua, waite watu wako mmoja mmoja. Kila anayeitika mtazame usoni. Wakitimia, tia komeo, na mlango usifunguliwe mpaka jua litoke. Ukifungua, binti humpati tena."

"Nimesikia."

Yohane akamsindikiza mzee mpaka njia panda, kisha akaenda kwenye lori la majani.

Jioni ukungu ulishuka mpaka kizingitini. Yohane alirudi mapema, koti limelowa, akakaa kona ya mlango ambako mwanga wa koroboi haufiki. Lucy, mdogo wa Bertha, alipanga sahani. Ugali ulikuwa unashika chini, na Efrazia aliwaita huku akisonga, mgongo amewapa.

"Lucy."

"Nipo."

"Bertha."

"Nipo, mama." Ilikuwa sauti yake, nzito, ile ya siku zote.

"Baba Bertha."

"Nipo."

Efrazia alitia komeo, akapakua.

Alikuwa anaumwagia ugali maharage ilipopigwa hodi.

"Mama Bertha! Ni mimi Yohane. Lori limekwama kwenye utelezi, nimetembea njia yote. Fungua, nimeganda."

Jina alikuwa amelitaja. Lucy aliacha kutafuna. Bertha alimshika mama yake upindo wa kanga, na mkono wake sasa ulikuwa wa moto, kama zamani.

"Mama," alinong'ona, "usifungue."

Nje kikohozi kilikuwa kile cha miaka yote, cha vumbi la chai. Efrazia alinyoosha sahani kuelekea kona ya mlango. Mkono wa kulia uliotoka gizani kuipokea ulikuwa na vidole vitano vizima.

Alimtazama Bertha, akaiachia sahani mkononi humo. Akaongeza upawa mmoja wa maharage.

"Wote wapo," alisema. "Kuleni, kinapoa."