Ufa Chini ya Rangi ya Kijani

Kila Jumamosi, Ndinda akishafua sare yake na kusugua sufuria, alikuwa na kazi ya tatu ambayo hakuna msichana mwingine wa Gredi ya Sita aliyekuwa nayo Kawangware nzima: kukwangua kutu. Mama yake, Wanza, alikuwa amenunua kerezo kuukuu kwa muuza vyuma chakavu. Kerezo ni mashine inayozungusha gogo kwa kasi huku fundi akiligusa kwa patasi, mpaka gogo liwe mchi, bakuli au mguu wa stuli. Hilo lilikuwa la kukanyagwa kwa mguu, na lilikuwa limeliwa na kutu hata majirani wakamwuliza Wanza kama ameokota mabaki ya treni. Wanza hakujali. Alitaka kulifufua, alitie mota ya umeme, apumzike kuchonga kwa tezo hadi mabega yafe ganzi.

Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja, karibu na Riruta Satellite. Kerezo lilikaa upande huu wa pazia, kitanda cha Ndinda upande ule.

"Paka mafuta ya taa, ukwangue polepole," Mama alimwagiza akielekea sokoni. "Na hicho kichwa cha nyuma usikitoe mezani. Ndicho hubana gogo lisiruke. Ni kizito, tutakiinua wawili."

Huko nje rafiki yake Mitchelle alikuwa tayari na kamba ya kuruka. "Ndinda, si umalize basi! Tunakungoja!"

Haraka haraka, mwaijua wenyewe. Ndinda alikikumbatia kile kichwa ili akigeuze upesi akwangue chini yake. Kilimponyoka, kikaanguka kwenye saruji kwa kishindo. Alipokiangalia aliona ufa mwembamba kama unywele, kutoka tundu la bolti hadi ukingoni.

"Mum ataniua," alisema huku akilia.

"Wacha kulia," Mitchelle akamwambia. Baba yake alikuwa fundi wa kunyoosha magari yaliyogongwa. "Kwetu kuna fila. Gari ikibondeka, Dadi anaziba na fila, anapaka rangi, na hakuna mtu hujua."

Wakakirudisha mezani wote wawili, wakaziba ufa kwa ule ujiuji mzito, wakaupiga msasa ulipokauka, kisha wakapaka rangi ya kijani. Wanza aliporudi, kichwa cha nyuma kiling'aa kuliko sehemu nyingine zote.

Hapo ndipo Ndinda alipojitia kitanzini. Mama alimsifu mbele ya majirani, na Jumapili akamsifu tena mbele ya akina mama wa kanisa. "Mnaona hii mikono? Ndiyo imefufua mashine yangu." Ndinda aliinamisha kichwa, nao wakadhani ni adabu. Jumatatu alijiambia atasema kabla ya kwenda shule, lakini akamkuta Mama akiimba. Jumanne neno lilifika kooni likarudi. Kadiri siku zilivyopita, kosa moja lilizaa la pili. Na chumba chenyewe hakikuwa na pa kugeukia. Akila, kerezo lilikuwa mbele yake. Akiandika kazi ya shule, lilikuwa mgongoni. Akijilaza, alinusa rangi.

"Nimwambie Mum?" alimwuliza Mitchelle siku ya Alhamisi.

"Ndio na mimi nichapwe? Nyamaza, hiyo kitu imeshika."

Jumamosi iliyofuata Mukhwana, fundi wa kulehemu kutoka Kibera, alileta mota na mkanda wake. Alivifunga, akakaza bolti, akabana gogo la mjakaranda. Wanza akashika patasi, akainama hadi uso wake ukawa karibu kabisa na gogo.

"Mukhwana, washa," Wanza akasema.

Ndinda alimwona Mama akitabasamu, mkono wa Mukhwana ukienda kwenye swichi. Aliruka, akaing'oa plagi ukutani.

"Imepasuka!" alipiga kelele. "Hiyo kichwa ya nyuma imepasuka! Niliiangusha!"

Mukhwana alichukua nyundo, akagonga mbele ya mashine. Chuma kililia kama kengele. Akagonga kichwa cha nyuma, kikatoa mlio mfu, ko, kama chungu chenye ufa. Akakwangua rangi kwa msumari, na unga wa kijivu ukamwagika.

"Fila! Mama Ndinda, hii ni ya kuremba bodi ya gari, haiwezi kubeba nguvu. Gogo lingeshika kasi, chuma kiachie, likupate usoni."

Wanza alikaa chini. Aliiweka patasi sakafuni. "Tangu lini?"

"Jumamosi ile ingine," Ndinda alisema, akalia kilio ambacho kilikuwa kimengoja wiki nzima. "Nisamehe, Mum. Nilijaribu kusema, nikashindwa."

Chuma kile kilipona. Mukhwana alikipasha moto wa makaa huko Kibera, akakilehemu kwa shaba, akakizika ndani ya jivu kipoe polepole kisipasuke tena. Ndinda ndiye aliyepepea makaa mchana kutwa, na Mitchelle, aliyekuja mwenyewe bila kuitwa, akachekecha jivu. Walipokirudisha, Wanza alikigonga kwa nyundo, akasikiliza, akagonga tena. Kililia kama kengele.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," Mukhwana alisema.

"Na kilio chenyewe kingekuwa changu," Wanza akajibu. Aliwavuta wasichana wote wawili karibu. "Sikilizeni. Kuvunja kitu si ajabu. Hata mimi huvunja. Ukivunja, niambie siku hiyo hiyo. Nitagomba, kisha tutatengeneza. Mashine naweza kupata nyingine, lakini macho nilizaliwa nayo haya mawili tu."